Mtu Akikataa Kukaa

9 Januari 1997

Mdogo wangu Kifungo,

Salamu zangu kwako na kwa Mama ni nyingi kuliko sindano ulizopoteza chini ya cherehani. Mimi mzima, ukiacha mafua kidogo na jirani wa chumba cha pili aliyenunua redio na hajui kuwa sauti inapunguzwa. Mama anaendeleaje? Goti lake je? Msomee barua hii kwa sauti, na usiruke pale ninapokutania. Nakujua wewe.

Kazini bado niko palepale, dirisha la malalamiko, idara ya maji. Watu wanakuja na ndoo tupu na hasira tele, nami nyuma ya kioo nawaambia, "Linashughulikiwa." Mkuu wetu ametukataza kusema hapana. Mteja akiuliza kama maji yatatoka leo, na wewe unajua bomba limepasuka na fundi yuko likizo, unasema linashughulikiwa, unatabasamu, unamwita anayefuata. Nimekuwa bingwa wa kazi hiyo kuliko wenzangu wote, na wala sijivunii.

Ndiyo maana nakuandikia. Nimechukua fomu za chuo kikuu. Naomba kusoma shahada ya uzamili, Idara ya Mawasiliano. Usicheke. Huko wanasoma jinsi watu wanavyopashana habari, nani anamwambia nani, kwa njia gani, na nini kinapotea njiani. Kila mwombaji anatakiwa aandike pendekezo la utafiti. Mimi nataka kuandika juu ya habari mbaya na jinsi familia zinavyoipokea, na nataka kuanza na kwetu.

Unaikumbuka amri ya Baba? Wewe ulikuwa mdogo, basi nikueleze kama nilivyoeleza kwenye fomu. Baba aliletewa telegramu kiwandani. Akaisoma amesimama kwenye mashine, peke yake katikati ya kelele, kwamba mama yake hayupo tena. Tangu siku hiyo akasema ndani ya nyumba yake habari mbaya haitaandikwa kwenye karatasi. Itabebwa na mtu. Na anayepelekewa atakaa kwanza, atakunywa maji, ndipo aambiwe. Hata habari ya Baba mwenyewe tuliambiwa hivyohivyo, mimi na wewe kwenye benchi moja, glasi mkononi.

Muulize Mama kama ananiruhusu kuwaandikia wageni mambo ya ndani. Na nitafutie cheti changu cha kuzaliwa, kimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake.

Wako,
Dada


30 Januari 1997

Dada,

Shikamoo. Huku tupo. Barua yako nimeisoma kwa sauti, sikuruka kitu ila ile ya sindano, maana Mama angetaka ziokotwe siku hiyohiyo.

Mama amekubali. Amesema andika, lakini usiseme Baba alilia, sema alinyamaza. Halafu akauliza huko chuoni mtakuwa mnasoma nini hasa. Nikamwambia, kuongea. Akasema, "Kuongea? Huyo? Si angeitwa yeye akawafundishe!" Akacheka mpaka ikabidi nimshike mgongo apate kupumua.

Siku hizi analala chumba cha mbele. Kitanda nimekisogeza karibu na mlango wa kibarazani, nilipo na cherehani, akiita nisikie. Fundi Saa, yule mzee ninayegawana naye kibaraza, naye amesogeza meza yake. Anatengeneza saa za watu huku anamsimulia Mama habari za magazetini, nyingine nadhani anazitunga. Goti halimsumbui tena Mama, kwa kuwa hatembei sana.

Cheti hicho humo ndani. Likizo yako lini? Njoo hata siku mbili. Fomu unaweza kuzijazia huku, meza ipo. Njoo tu.

Kifungo


20 Februari 1997

Kifungo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama, wewe, Mama, na huyo Fundi Saa na uongo wake. Mimi mzigo wa fomu umenielemea mpaka nimeota nimeulizwa kipimo cha kiatu.

Wanataka barua za wadhamini wawili. Wa kwanza ni mwalimu wangu wa zamani, ameandika vizuri hadi nikaona aibu. Wa pili ni mkuu wangu wa kazi. Ameandika kwamba kwa miaka yote aliyonifahamu hajawahi kunisikia nikimwambia mteja hapana. Sijui kama chuoni watalichukua hilo kuwa sifa. Bado ninaandika pendekezo. Mwalimu anasema mawazo ni mazuri ila naeleza sana amri ya Baba na sielezi imewafanyia nini watu wa nyumba ile. Nimemwambia imetufanya tukae, tunywe maji. Akasema rudi ufikiri tena.

Likizo sitapata kabla ya mambo haya kwisha. Mwisho wa kupokea fomu ni karibu, na baadaye kuna usaili kwa watakaopita mchujo. Usaili ukipita tu, nakuja na kukaa kabisa, mpaka Mama anichoke.

Kifungo, umeniambia nije mara mbili ndani ya barua moja. Niliisoma, nikairudia. Halafu nikajiambia, kungekuwa na jambo ungemtuma mtu. Hukumtuma mtu, basi hakuna jambo. Au siyo?

Mshike Mama mkono kwa niaba yangu.

Dada


27 Machi 1997

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, cherehani ilikaa bila kazi na mimi nilikaa nayo.

Mama anakusalimu. Ameniambia niandike hivyo, "Mama anakusalimu," nisiongeze neno. Siongezi.

Umeuliza, "Au siyo?" Nilianza kukujibu hapo juu nikakata, wino utauona. Wewe unaijua nyumba yetu kuliko mimi, umeiandikia hadi chuo kikuu. Usaili ni lini? Kama ni mwezi ujao, pitia huku kwanza.

Kifungo


18 Aprili 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko? Mama hajambo? Mimi hapa mzima wa afya, tena nina furaha mpaka inamwagika, na nina mengi, kaa usikilize.

Kwanza, mgeni! Jumanne, siku ya usaili, nafungua mlango asubuhi nakutana uso kwa uso na Fundi Saa, na koti lake la safari, kofia mkononi. Ungeniambia mapema ningemwandalia cha maana. Nilimkaribisha, nikamkalisha kwenye kiti changu, si unajua ninacho kimoja. Akasema nikae kitandani tuongee. Nikamwambia subiri kidogo. Nikapika chai, nikapiga pasi sketi, nikatandika, nikafagia, maana chumba kilikuwa hovyo. Akaomba maji ya kunywa. Nilipomletea glasi akasema si yake, ninywe mimi. Nikacheka, nikamwambia mimi nimekwisha kunywa chai. Tuliongea sana. Nilimsomea majibu yangu yote ya usaili huku nachana nywele, mzee wa watu akasikiliza mpaka mwisho. Saa zikawa zimekwenda. Nikamsindikiza hadi kituoni, nikampandisha basi mimi mwenyewe, nikampa gazeti la njiani. Alifungua dirisha kama anataka kusema kitu, lakini dereva alikuwa na haraka. Amezeeka, sivyo?

Sasa usaili. Meza ndefu, walimu watatu, mimi nimekaa mbele yao kama mshitakiwa. Maswali mengi niliyapangua. Halafu mmoja, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akasema, "Umeandika kwamba anayeletewa habari lazima akae kwanza. Na mtu akikataa kukaa?"

Nikacheka. Nikamwambia kwetu hajatokea wa kukataa. Akaniangalia, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema ahsante.

Majibu ni Julai. Likizo waliyoniahidi imesogezwa mbele kidogo, kazini kuna mrundikano, kwa hiyo sitakuja mara moja kama nilivyosema. Msalimie sana Mama. Mwambie nilivaa ile blauzi yake ya kola.

Dada yako mpenzi


5 Mei 1997

Dada,

Salamu.

Fundi Saa alirudi Jumatano. Nilisikia honi ya basi nikatoka mpaka barabarani, nikawaangalia wanaoshuka. Alishuka peke yake, gazeti bado amelikunja kwapani. Nilimuuliza, "Yuko wapi?" Mzee akakaa kwenye jiwe palepale barabarani, akalia.

Aliniambia hivi: "Kila nikimwambia akae, anashika pasi. Nikimwambia anywe maji, anashika fagio. Mwanangu, yule mtoto alisimama asubuhi nzima." Nikamwambia si ungemwambia vilevile amesimama. Akasema hakutumwa kuvunja amri ya marehemu Baba yetu, na kwamba ulikuwa unaongea haraka sana, hakuona pa kuingia.

Tulikungoja. Watu waliniuliza dada yuko wapi, nikasema yuko njiani. Wajomba wakauliza, nikasema yuko njiani. Mpaka Alhamisi jioni nilikuwa nasema yuko njiani. Kisha tukafanya lililobidi.

Nimekasirika. Sijawahi kukukasirikia maisha yangu yote, wewe uliyenifunga kamba za viatu, hata jina hili la Kifungo ni wewe uliyeniita siku niliyomeza kifungo cha shati la Baba. Lakini unaniandikia "msalimie Mama" na mimi naishika barua hiyo mkononi. Nampelekea nani?

Siandiki zaidi ya hapo. Njoo.

Kifungo


29 Mei 1997

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo.

Barua yako nimeipata, na malalamiko yako nimeyapokea. Naona umeudhika kwa sababu mgeni wako sikumpa muda wa kutosha. Ulikuwa ni usaili, Kifungo. Mtu anaweza kusubiri miaka kwa ajili ya asubuhi moja kama ile. Nitamwomba radhi Fundi Saa nikija. Kuhusu kuja, linashughulikiwa.

Kwa basi la kesho ninamtumia Mama kitambaa. Ni kile cha maua madogomadogo alichokipenda siku tulipopita mbele ya duka akasema ni cha wasichana. Mshonee gauni la kuvaa siku ya mahafali yangu. Najua bado sijachaguliwa, lakini mtu anaanza na vazi. Vipimo unavyo, ila mpime upya, huenda amepungua. Mikono iwe mirefu, hapendi baridi ya viwiko. Na uniandikie alichosema akikiona.

Silali vizuri. Ningesema ni redio ya jirani, lakini jirani alihama Aprili.

Dada


18 Juni 1997

Dada, Mama amekufa.

Nimeiandika. Kitambaa kilifika zamani, juzi ndipo nilipokifungua. Nilikitandaza mezani, nikashika chaki na utepe, nikasimama. Fundi Saa akaniona, akaacha saa ya mtu wazi mezani akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Ndipo nikaamua kwamba Baba atanisamehe au hatanisamehe.

Alikufa Jumapili ya tarehe 13 Aprili, asubuhi. Ni moyo. Daktari alishatuambia tangu Desemba kwamba moyo umechoka, miguu ikaanza kuvimba, kisha pumzi. Nilitaka kukutumia mtu tangu wakati ule. Mama akakataa. Alisema kwetu mtu akishatumwa, mwenyewe amekwisha kufa, na yeye hajafa, anasubiri usaili wa mwanawe. Alikuwa akimuuliza Fundi Saa kama magazeti yameandika lolote kuhusu chuo chako.

Asubuhi ile nilikuwa kibarazani, naingiza uzi kwenye sindano. Nilikihamisha kitanda ili nisikie, Dada, na sikusikia kitu. Niliinuka kwenda kumuuliza kama anataka uji nikamkuta. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata Fundi Saa nimemwambia nilikuwepo.

Hasira zimeisha. Ningekuwa mimi ningepiga pasi nguo za mtaa mzima. Ila nimechoka kuwa peke yangu ninayejua. Nimemzika Mama, kisha kila barua yako ikija inanilazimu nimfufue nimpe salamu zako, halafu nimzike tena. Siwezi. Nilikuwa na dada mmoja wa kulia naye na alinifungia mlango.

Isome umekaa au umesimama, hiari yako.

Kifungo


20 Julai 1997

Kifungo, mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Sitaanza kwa kusema sijambo.

Nimechelewa kukujibu mwezi mzima na sina cha kusingizia. Barua yako niliisoma, nikairudisha kwenye bahasha, nikaenda kazini. Nikasema linashughulikiwa, linashughulikiwa, mpaka jioni. Siku moja akaja mama mmoja na ndoo kichwani, akaniuliza kama leo maji yatatoka. Nikamwambia, "Hapana, mama. Hayatatoka leo wala kesho." Akanishukuru. Akasema basi aende mtoni mapema kabla jua halijawa kali. Mkuu ameniandikia onyo.

Nilijua, Kifungo. Nilijua Fundi Saa alipovua kofia, hata kabla hajaivua, nilijua kwa jinsi alivyogonga mlango. Nikafikiri kama sitaambiwa, nitakwenda kwenye usaili nikiwa na mama. Na kweli nilikwenda naye. Muda wote wa maswali yao nilikuwa mtu mwenye mama. Sikufikiri kwamba huku mimi ninaye, wewe umesimama barabarani unawaambia watu yuko njiani. Hukustahili. Ulikuwa mdogo wangu na nilikuacha ubebe jeneza na uongo wangu pamoja.

Na hukusikia kitu kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Usijitese. Angekuita, ungesikia. Mama hakuwahi kuita kimyakimya hata siku moja, wewe unajua, mtaa mzima unajua. Nasikitika kwamba nimekuandikia hilo kwenye karatasi badala ya kukushika.

Nimeomba ruhusa na safari hii sikusubiri kujibiwa. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Usinipokee na watu. Kitambaa kiache kilivyo.

Jambo la mwisho. Jana barua ya chuo imefika. Nimechaguliwa. Masomo yanaanza Septemba, na yule mwalimu mwenye miwani ndiye atakayenisimamia. Niliisoma mlangoni, nikapiga kelele, jirani mpya akadhani nimeona nyoka. Nikaingia ndani mbio, nikavuta kiti, nikachukua kalamu, wala sikufikiri, nikaandika kwa haraka, "Mama, nimepata! Nimepata Mama!" na chini yake nikajaza ukurasa mzima, nimeeleza kila kitu, tarehe, mwalimu, chumba nitakachopewa, baridi ya huko na sweta nitakayoihitaji. Nikakunja. Nikaandika jina lake juu ya bahasha. Nikaanza kuandika anwani.

Nimekaa hapa tangu jana.

Dada yako